Majora Kumi Meupe

Jumatatu, 3 Machi

Saa tatu na nusu kwenye benchi, dakika nne mbele ya hakimu. Nimezipima kwa saa yangu. Nilijiandaa kusema yote – kitambaa, dari, kutu, siku tisa za kufunga – hata gauni nililipiga pasi mara mbili. Hakimu hakuniuliza kitu. Alifungua jalada, akasoma jina langu, akasoma la Mtunza Stoo, akasema madai ya aina hii yanapita kwanza kwa msuluhishi, tukishindwana huko ndiyo turudi kwake. Akafunga jalada. Wakili wangu, ambaye ni binamu yangu, akainama. Na mimi nikainama, sijui kwa nini.

Kumbe! Miaka hamsini na moja nilidhani mahakamani ni mahali pa kuamuliwa. Kwanza wanakurudisha ukaelewane na mtu ambaye, kama mngeelewana, msingefika pale.

Mtunza Stoo alikaa benchi la pili kutoka langu, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Hatukusalimiana. Ni jirani yangu wa juu. Alitunza stoo ya hospitali miaka thelathini na minne, akastaafu, akanunua nyumba juu ya karakana yangu. Jina hilo tumempa sisi wa cherehani. Balbu akinunua anaiandika tarehe kwa kalamu kabla ya kuifunga. Nimeiona mwenyewe moja aliyoitupa: ilidumu miezi kumi na minne.

Ningependa kujua msuluhishi anafanya kazi gani hasa. Binamu anasema: anasikiliza. Nikamuuliza, na kuamua? Akasema haamui. Sasa analipwa kwa nini?


Jumanne, 4 Machi

Asubuhi kabla ya kufungua. Niandike mambo yalivyokuwa, kichwa kitulie.

Januari tulifunga siku tatu, Jumamosi hadi Jumatatu. Maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima. Mtunza Stoo akafungua koki ya bafuni, akaona kavu, akaenda kwa mdogo wake bila kuifunga. Jumapili maji yakarudi. Yalimwagika siku mbili. Bafu lake lina tundu sakafuni la kutolea maji, lakini hayakutoka. Yakajaa, yakapita kwenye zege, yakanishukia. Jumanne nafungua mlango – viatu vyangu vya kazini vinaelea.

Majora kumi ya kitambaa cheupe, cha sare za wauguzi. Yote yana madoa ya kutu kutoka kwenye nondo za dari. Kutu haitoki. Nimejaribu limau, nimejaribu chumvi, nimejaribu dawa ya dukani yenye picha ya mwanamke anayecheka. Haitoki.

Na patani. Zile kadibodi za kukatia, mia mbili na kumi na nne, miaka ishirini na miwili ya miili ya watu. Kuna patani ya mteja niliyemkatia akiwa binti, nikamkatia ana mimba, nikamkatia mjane. Zimekuwa uji.

Nilianza na cherehani moja ya kuazima kwenye kibaraza cha watu. Chumba hiki nimekilipia kidogo kidogo miaka kumi na tisa. Sikupewa na mtu. Ndiyo maana alipokuja mlangoni ile Jumanne, badala ya kusema lolote la kibinadamu, akaniuliza kama ninazo risiti – hapo ndipo kesi ilipoanza. Si kwenye maji.

Nadai 5,622,000. Kitambaa 2,717,000. Mota mbili za ovaloku, mashine za kufungia kingo, 640,000. Siku tisa za kufunga, 85,000 kila siku, 765,000. Patani 1,500,000 – hiyo nimekadiria kwa jicho.

Sare mia na sitini, tarehe 14 Aprili. Meneja wa hospitali ameshaniongezea muda mara moja na kasema hakuna ya pili. Malipo yao ya awali, 1,800,000, yaliingia kwenye majora yale yale. Nisipopata kitambaa kingine mwezi huu, narudisha pesa ambayo sina na napoteza mteja aliyenilisha miaka sita.


Jumatano, 12 Machi

Usuluhishi, kikao cha kwanza. Nilitegemea ukumbi. Ni chumba cha kawaida, meza ya duara, viti vinne vya aina nne, boksi la karatasi laini katikati. Nikajua hapa watu hulia. Nikaamua si mimi.

Msuluhishi ni mama wa makamo, sauti ya chini, viatu vya kutembelea. Kwanza alieleza masharti, na haya nimeyapenda mno nikayakariri. Kinachosemwa mle hakiendi kwa hakimu. Hata mtu akikiri, akienda kortini hawezi kukumbushwa. Tena anaweza kutukalisha vyumba tofauti, akazunguka kwa mmoja mmoja. Utakachomwambia ukiwa peke yako hakipeleki upande wa pili mpaka umruhusu. Na yeye kweli haamui! Nikamuuliza, mama, sasa tukikataa wote wawili? Akasema, basi mtakuwa mmekataa nyinyi, si mimi. Jibu zuri. Ningemweka kaunta yangu siku za mwisho wa mwezi.

Akanipa nafasi nikaeleza. Halafu Mtunza Stoo. Hana wakili. Alifungua daftari, akasema ana swali moja tu. Ankara ya muuza kitambaa inasema mita 380. Dai langu linasema mita 418. Mita 38 zimetoka wapi?

Binamu akanigeukia. Hajui! Na mimi kwa sekunde tano sikujua.

Kisha nikajua. Nafasi ya mshono.

Nikikata kitu chochote huongeza moja ya kumi. Mkono unaongeza wenyewe, miaka ishirini na miwili. Nilipoandika dai, nikaongeza. Sikuiba – niliacha pa kushonea. Nikaeleza hivyo. Mama msuluhishi hakucheka, ila alishika kidevu. Mtunza Stoo akasema polepole, “Mama fundi, mimi nimekaa stoo miaka thelathini na minne. Kila aliyekuja na mita zaidi alikuwa na maelezo.”

Nilitamani kumrushia lile boksi la karatasi.

Tumekubaliana mambo mawili. Nirekebishe hesabu. Na tumlete fundi bomba mmoja, wa wote, aseme kwa nini maji hayakutoka kwenye tundu. Gharama nusu kwa nusu.


Alhamisi, 13 Machi

380 mara 6,500 ni 2,470,000. Nilizidisha 247,000. Jumla mpya 5,375,000.

Binamu kapiga simu kunikaripia kwa adabu, kama wanavyofanya wasomi. Anasema kwenye madai mtu huaminiwa mara moja. Tarakimu moja ikiyumba, zote zinaanza kuyumba. Hasara unayoweza kuithibitisha ndiyo hasara. Iliyobaki ni huzuni.

Nimefikiria hilo siku nzima. Patani zangu, je? Hazina ankara. Kadibodi yenyewe ni ya maboksi ya sabuni, bure. Kwa hiyo kwa sheria ni huzuni? Lazima kuna njia ya kuzipima. Kila kitu kina njia ya kupimwa, ni kujua tu uweke futi wapi.


Jumamosi, 15 Machi

Fundi bomba amekuja asubuhi. Akapanda juu, mimi na Mtunza Stoo tukasimama mlangoni mwa bafu kama watu waliopanga foleni. Akamulika tochi kwenye tundu, akaingiza waya wa mita nne, akasukuma. Ukagoma. Akasema kuna kitu laini chini huko. Akaandika cheti: bomba limeziba kwa taka za bafuni, kulisafisha ni kazi ya mwenye nyumba ya juu. Atarudi Jumanne kulizibua. Elfu arobaini, ishirini kwangu, ishirini kwa mzee. Mzee akaomba risiti, fundi akaandika nyuma ya pakiti ya gundi.

Nilishuka ngazi nikiwa na furaha, nisijifiche. Cheti hicho ni ushindi.

Lakini “laini.” Laini vipi? Nina mabomba na mimi. Sabuni ikiganda ni ngumu. Nywele zinavutika, hazisukumiki. Nikakaa na neno hilo hadi chai ya saa nne. Fundi hakushuka uani kwangu, na bomba lile linatokea uani, ukuta wa nyuma, juu ya kimo changu, pale ninapopanga magunia ya vipande. Nikasogeza magunia, nikapanda stuli. Nikanyoosha hanga ya waya nikaikunja ncha. Nikachokonoa.

Kikatoka kitambaa. Kingine. Kingine. Kumi na kimoja, vimeshikana kama andazi bichi, na maji meusi nyuma yake yakanimwagikia miguuni.

Nikavisuuza nikavitandaza. Vyeupe, pembeni mstari wa bluu. Pindo la jora. Na kingo zake zimekatwa kwa mkasi wa meno, mtaa huu mzima mkasi huo ninao mimi tu.

Desemba. Mende walikuwa wanatoka kwenye lile bomba wanapanda juu ya makoti meupe ya maabara. Nilisema, lizibeni kwa muda. Hakuna aliyefanya haraka, nikapanda stuli nikalisokomeza mwenyewe kwa mpini wa fagio. Kwa muda! Halafu nikasahau kabisa. Wallahi nilisahau.


Jumapili, 16 Machi

Sina la kuandika. Nimehesabu vipande mara tatu.


Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia Mkasi. Ni mkataji wangu, tuko pamoja miaka kumi na sita, na ndiye aliyenishikia stuli Desemba. Nilimwita stoo nikamwonyesha vipande kwenye mfuko. Alivitazama, akavinusa, akarudi nyuma.

“Bosi, mimi sikumbuki kitu. Umri.”

Ana miaka arobaini na saba. Nikamwambia asinichezee. Akasema basi akiitwa atasema alikuwa ameshika stuli, macho yake yalikuwa kwa mende, hawezi kutoa ushahidi wa mambo ya juu. Nikacheka, sikutaka. Halafu akakaa juu ya gunia akawa Mkasi wa kweli. Kwamba koki aliiacha nani? Si mzee? Bomba bila koki lingemwaga nini? Na tarehe 14 wauguzi wanataka nguo, hawataki habari za mabomba. Ana watoto wawili shule, mshahara wake unatoka kwenye sare zile, na wa wenzake wanne vilevile.

Yote kweli. Hakuna hata moja nililoweza kulikata.

Nilipofungua mlango akaniuliza vile vipande navifanyia nini. Nikasema sijui. Akasema moto upo, mkaa wa pasi bado haujazima. Nimevirudisha kwenye mfuko nimeufunga.

Fundi bomba nimemwambia asirudi kesho.


Jumanne, 18 Machi

Swali halinitoki: mimi nina kosa kiasi gani? Si “nina kosa au sina”. Kiasi gani. Bomba hilo lilikuwa na uwezo wa kumeza maji ya koki ile, au hata lingekuwa wazi lingeshindwa? Lingeshindwa, vipande vyangu havihesabiki. Hilo linapimika.

Nikapanda na ndoo ya lita ishirini. Nikamwambia mzee nataka kujua bomba linapita kwa kasi gani, hesabu zangu tu. Nilidhani atanifungia mlango. Akasema, “Karibu, mama fundi. Ndoo iliyopimwa?” Nikasema ina alama. Akaikagua alama.

Sijawahi kuingia kwake zaidi ya bafuni. Rafu ukuta mzima, kila kitu na lebo. Misumari inchi mbili. Misumari inchi tatu. Barua za marehemu mke wangu, 1 hadi 61. Bafuni, juu ya koki, kibao kidogo kimeandikwa kwa mkono wake: FUNGA. Na chini yake tarehe. Ni ile Jumanne ya maji.

Nilitazama kile kibao muda mrefu kuliko adabu.

Koki kwanza: inajaza ndoo kwa dakika tatu kamili. Halafu tukamimina ndoo sakafuni, yeye akashika saa, mimi nikatazama tundu. Dakika mbili na sekunde kumi. Imeisha. Sakafu kavu.

Mzee akaandika kwenye daftari. Akatazama tundu. Akasema, “Mbona linapita? Juzi waya uligoma.” Sikusema kitu. Nafasi ilikuwa pale, sikuichukua. Akawaza, akajijibu mwenyewe: basi ni uchafu wake, sabuni yake ya miaka, waya wa fundi umeulegeza na maji yameusukuma. Akatikisa kichwa. Akasema miaka yote ile alikuwa anawaandikia watu onyo kwa kutosafisha rafu zao.

Halafu akaniuliza patani moja huchukua muda gani kuitengeneza. Nikasema saa mbili, ngumu tatu. Akauliza mkataji wangu namlipa ngapi kwa siku. Elfu thelathini. Akaandika. Sikujua anataka nini. Nikamwambia nina kazi, nikashuka.


Jumatano, 19 Machi

Uani, asubuhi. Kipande cha bomba la upana ule ule, vipande kumi na kimoja ndani, nimesokomeza kwa mpini ule ule. Ndoo ya lita ishirini: dakika arobaini na moja.

Kwa hiyo. Koki yake, ndoo kwa dakika tatu. Bomba wazi, ndoo kwa dakika mbili na kidogo. Maana yake bomba lingemeza yote na kubaki na nafasi. Lisingeshuka hata tone. Bila vipande vyangu, majora kumi yako kwenye rafu meupe. Lakini bila koki yake pia yako kwenye rafu meupe. Kila mmoja mia kwa mia? Hesabu gani hiyo, inayofika mia mbili!

Nimempigia binamu. Nikamuuliza kama swali la kitabuni: mtu akidai fidia, halafu ikaonekana na yeye alichangia hasara, inakuwaje? Akanieleza vizuri. Korti hugawa. Inatazama nani alizembea zaidi, inampunguzia mdai sehemu yake – robo, nusu, zaidi. Hakuna jedwali. Nikasema inawezekanaje hakuna jedwali? Akasema ndiyo kazi yenyewe, dada.

Kisha akasema, “Dada, sikiliza. Kuna kitu ukiniambia, siwezi tena kusimama mahali nikasema kinyume chake. Kwa hiyo kabla hujaniambia, fikiri.”

Nikasema sina cha kukuambia. Akasema vizuri. Tukaulizana habari za shangazi.

Nusu ya 5,375,000 ni 2,687,500. Ingetosha kitambaa, kama ingelipwa yote kwa mpigo. Mstaafu halipi kwa mpigo. Robo tatu yangu, robo yake? 1,343,750. Haitoshi hata nikiuza ovaloku moja.


Ijumaa, 21 Machi

Meneja wa hospitali kapita kwa miguu kuuliza tumefika wapi. Nikamwonyesha sampuli. Hakuuliza zaidi, alitazama rafu. Tupu. Akasema ataamini neno langu.

Watu waache kuniamini wiki hii, tafadhali.


Jumatatu, 24 Machi

Naandika nikiwa mle mle, jengo la usuluhishi, chumba kidogo. Mama msuluhishi ametutenganisha tangu saa nne. Mimi na binamu huku, mzee chumba cha pili, ukumbi katikati. Mlango wake una kioo cha ukungu.

Amekuja na pendekezo la mzee. Karatasi moja, mwandiko wake, mistari imenyooka kama ya kuchapwa. Kitambaa, mita 380: 2,470,000. Mota: 640,000. Siku tisa: 765,000. Halafu mstari wa nne. Patani 214, saa mbili kila moja, ni saa 428. Siku ya kazi saa nane, ni siku 53 na nusu. Mkataji kwa siku 30,000. 1,605,000.

Nimeisoma mara nne. Nilidai 1,500,000 kwa jicho. Ameniongezea laki moja na elfu tano! Yule yule wa risiti. Hakuna risiti hata moja kwenye mstari huo. Miezi miwili naulizia futi inawekwa wapi, na aliyepajua ni yeye.

Jumla 5,480,000. Milioni mbili na nusu leo, benki iko ng'ambo ya barabara. Zilizobaki 298,000 kila mwezi, miezi kumi.

Nikamuuliza mama msuluhishi kwa nini mzee hajabisha hata mstari mmoja. Akasema ameruhusiwa kuniambia: mzee anaamini kosa lote ni lake. Tulipima bomba pamoja, akaona mwenyewe ni uchafu wake uliokuwa umeziba. Ameomba kitu kimoja tu, neno “samahani” liandikwe chini ya jumla. Hataki kulisema. Anataka liandikwe, ili libaki kwenye kumbukumbu.

Lipo. Chini ya 5,480,000, limepigiwa mstari.

Nikisaini sasa hivi: mchana nina 2,500,000, kesho majora kumi, inabaki 30,000. Sare zinakwisha tarehe 11, siku tatu kabla. Mkasi na wenzake wanalipwa. Hakuna anayejua. Kipimo cha juzi nimekipima mimi, nikamwachia yeye asome vibaya. Hilo halikuwa la kusahau kama Desemba. Nilisimama pale.

Binamu kasema, dada, kwenye patani umepewa zaidi ya ulichodai, saini tuondoke. Akaniona nimeshika kalamu siisogezi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni lile alilosema nisimwambie. Nikasema ndilo. Akavua miwani, akafuta, akavaa. Akasema anakwenda kutafuta chai, na akirudi atakuwa hajasikia kitu. Ameenda. Binamu ni mtu mzuri.

Nimemwambia mama msuluhishi. Yote, hadi mpini wa fagio. Hakuandika. Alikumbusha: halitoki kwenye chumba hiki bila ruhusa yangu, na silazimiki. Nikamuuliza yeye angefanyaje. Akasema, “Mimi siamui, mama. Nilikuambia siku ya kwanza.”

Kweli aliniambia.

Nimeomba karatasi tupu. Nimeandika: Bomba lilizibwa na mimi, Desemba, kwa vitambaa, sababu mende. Nimevitoa tarehe 15. Tarehe 18 ulipopima lilikuwa tayari wazi, nilijua, nilinyamaza. Koki ni wewe. Bomba ni mimi. Patani umezipima sawasawa. Nikasoma, sikupata pa kuongeza. Nikasaini.

Mama msuluhishi ameisoma. Ameuliza kama aipeleke. Nimesema ipeleke kabla binamu hajarudi.

Dakika sita. Kwenye kioo naona kivuli cha mzee kimeinama mezani, hakisogei. Namba zinapita kichwani: nusu, robo tatu, milioni ngapi, mita ngapi, meneja nitamwambiaje. Nikikopa kwa muuza kitambaa kwa jina langu tu, atanipa majora mangapi? Manne? Matano?

Dakika tisa.

Kiti kimesogezwa. Mama msuluhishi amechungulia. Uso wake siusomi. Anasema mzee hajasema ndiyo wala hapana. Anauliza vilikuwa vipande vingapi.

Kumi na kimoja, nimesema.

Amerudi ndani. Nasikia sauti ya mzee, fupi, maneno hayafiki huku. Mlango unafunguka tena. Anasema mzee amefungua daftari, lakini haandiki hesabu ya kuletewa. Niende nikaitaje mwenyewe, mbele yake, na nieleze jinsi nilivyovipanga mle ndani.

Natafuta viatu. Nilivivua saa ngapi?